Mgeni wa Kura

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wapo wanaodhani methali hii ni ya watoto wanaoombea mgeni aje ili jogoo achinjwe, nao wapate walau paja. Hawajakosea sana, maana hata kushiba ni kupona. Lakini methali hii ina kina kuliko sufuria ya mchuzi. Inatufundisha kwamba mtu tunayempokea shingo upande, tukimhesabu kuwa mzigo, huenda ndiye aliyebeba dawa ya ugonjwa ambao sisi wenyewe hatujui kama tunaugua. Georgina binti Lwakatare, mwanafunzi wa kidato cha sita kutoka Rwamishenye katika Manispaa ya Bukoba, alikuwa mgonjwa wa namna hiyo. Alikuwa anaugua shaka.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa na chanzo. Mwaka uliotangulia, Georgina na wenzake wawili, Avit na Philbert, waliingia katika shindano la hakathoni, ambapo wanafunzi wa mkoa hukusanywa ukumbini kwa siku mbili ili kubuni programu za simu na kompyuta. Georgina alikuja na wazo alilolipenda kama mboni ya jicho lake: programu ya kuwaambia watu senene, wale panzi watamu wa kuliwa, wameangukia wapi. Nani asiyejua Bukoba inavyokuwa mvua za Novemba zinapoleta senene? Watu huacha vitanda alfajiri, ndoo mkononi, na atakayechelewa huambulia majani matupu. Basi zamu yao ikiwa bado, timu ya kijana mmoja aitwaye Karugendo ilipanda jukwaani na kueleza programu ya senene, kana kwamba wamelisoma wazo kichwani mwa Georgina. Binti wa watu alikunja kompyuta yake, akatoka ukumbini akilia, wenzake wakimfuata, wala hawakungoja matokeo.

Tangu siku hiyo Georgina hakumwamini mtu. Darasani alifunika daftari kwa mkono mzima. Mtu akimwuliza saa, yeye humtazama kwanza usoni kutafuta nia yake. Mama yake alimtania kwamba siku moja atamshuku paka kwa kumtazama akila. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Georgina alikuwa akishtuka hata pale pasipo na ung'ongo.

Sasa Novemba ilikuwa imerudi, na shindano lilikuwa limerudi nayo, na Georgina akarudi na wazo lake lilelile. Kwa Georgina hii ilikuwa nafasi ya mwisho. Kanuni ilisema mshiriki lazima awe mwanafunzi wa sekondari, na mwaka kesho yeye hangekuwa mwanafunzi tena. Timu ya kwanza ingepelekwa Mwanza kwa mafunzo ya mwaka mzima ya utengenezaji wa programu, wanachama wote bila kubagua. Baba yake, mzee Lwakatare, alikuwa ameshatamka neno lake wakati akikata majani makavu ya migomba kibanjani.

"Ukishinda, nenda Mwanza, mimi sitakuzuia," alisema. "Ukishindwa, ukimaliza mtihani unakwenda Kemondo kwa shangazi yako ukauze dukani. Hizo kompyuta zimeshatutoa machozi ya kutosha."

Georgina alimjua baba yake. Neno lake halikuwa na mlango wa nyuma.

Asubuhi ya siku ya kwanza, mratibu wa shindano, Mwalimu Kyaruzi, alisimama mbele ya ukumbi kusoma kanuni. Alisoma polepole na kwa sauti nzito, kama padri asomaye Injili, huku akinyanyua kidole kwa kila kifungu. Kazi yote ianzwe na kumalizwa humu ukumbini. Siku ya pili, mtu kutoka sokoni asiyejuana na timu ataijaribu programu bila kufundishwa na yeyote. Akikwama, timu itapewa saa moja ya kurekebisha, kisha mtu yuleyule ajaribu tena. Hapo Georgina alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Kisha Mwalimu Kyaruzi akageuza ukurasa.

"Kanuni mpya mwaka huu," akasema. "Kila timu ina watatu wa shule yake. Wa nne atapatikana kwa kura, kutoka shule ya wilaya nyingine. Mgeni huyo ni mwanatimu kamili, mwenye haki sawa na wenzake."

Ukumbi ulivuma kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe. Georgina aliivuta kompyuta yake karibu. Mtu wa shule nyingine, aketi meza yake, atazame kompyuta yake, alisikie wazo lake? Hiyo kwake ilikuwa sawa na kumkaribisha fisi alinde mbuzi.

"Wametuletea jasusi," alimnong'oneza Avit.

"Labda atakuwa mtu mzuri," Avit alijibu.

"Wezi wazuri ndio wabaya zaidi."

Kura ikamwangukia Elieth, msichana wa kidato cha tano kutoka Kimwani, huko kusini mwa Muleba. Alikuja mezani kwao na begi mgongoni, viatu vyake bado vina tope jekundu la safari. Alikuwa mwembamba, mwenye macho yasiyo na haraka. Kabla hata hajaketi, alitoa kifurushi kidogo cha jani kavu la mgomba, akakifungua. Ndani mlikuwa na kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa kwa majani yenye harufu ikaanikwa juani.

"Kwa desturi mwenyeji ndiye humpa mgeni akamwani," Elieth alisema akitabasamu. "Lakini mawe, mama yangu, kaniambia, mjini wanasahau, nenda nayo mwenyewe."

Kisha akafanya kama afanyavyo kila aliyelelewa vyema katika nchi ile. Alichukua tunda moja, akalitafuna yeye kwanza, ili wote waone kwamba kinachotolewa hakina sumu. Ndipo akamsogezea Georgina.

"Sitafuni," Georgina alisema.

Ulikuwa uongo mtupu. Kahawa ya kutafuna aliipenda tangu utotoni. Elieth alikunja jani lake taratibu, akalirudisha begini. Avit alitazama sakafu kwa aibu.

Kazi ilipoanza, Georgina aligawa majukumu. Philbert alipewa ramani, Avit alipewa michoro, na yeye mwenyewe akashika moyo wa programu.

"Na mimi?" Elieth akauliza.

"Wewe tunga maneno ya salamu. Yale ya mtu akifungua programu, imkaribishe."

"Salamu tu?"

"Salamu ni muhimu," Georgina alisema, na hata yeye aliisikia sauti yake ilivyokuwa na ncha.

Hakuishia hapo. Elieth alipoinama kutoa kalamu, Georgina aliifungia programu kwa neno la siri, akaliandika upesi kwa hasira, kisha akawaambia Avit na Philbert kwa siri. Philbert alipolisikia aligwaya, akasema jamani hilo ni kali mno. Georgina akamwambia anyamaze.

Kuanzia hapo macho yake yalifanya kazi mbili, moja kwenye kioo cha kompyuta, nyingine kwa mgeni. Na kadiri alivyomtazama, ndivyo alivyozidi kuona mabaya. Elieth hakukaa. Alitoka nje na simu yake, akarudi, akatoka tena. Mara alionekana upande wa jikoni akizungumza na akina mama waliokuwa wakipika. Mara alikuwa peke yake nyuma ya ukumbi, akisema na simu kwa sauti ya chini, kwa Kihaya. Msichana aliyepewa kazi ya salamu, salamu gani hizo zinazohitaji miguu?

Mchana, Avit alirudi kutoka kunywa maji akiwa amekunja uso.

"Gina, sitaki kuleta maneno," alisema, "lakini nimemwona mgeni wetu kasimama na Karugendo. Wameongea sana. Karugendo anaeleza, yeye anatikisa kichwa."

Karugendo! Damu ilimchemka Georgina. Yuleyule wa mwaka jana, naye sasa alikuwa na timu nyingine meza ya nne kutoka dirishani. Kila kitu kilijipanga kichwani mwake vizuri kama mafiga matatu: kura imepangwa, mgeni ametumwa, wazo linaibwa mara ya pili. Aliinuka, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Kyaruzi.

"Mwalimu, naomba yule wa Kimwani aondolewe katika timu yangu."

"Amefanya kosa gani?"

"Anatoka nje kila wakati. Anaongea na Karugendo."

"Kutoka nje si kosa. Kuongea nako si kosa." Mwalimu alivua miwani yake. "Umemsikia akitoa siri?"

"Sijamsikia. Lakini nina shaka naye."

"Binti yangu, nimezisoma kanuni hizi mpaka nimechoka nazo. Hamna kifungu cha shaka humo. Kama lipo kosa, mlete Elieth hapa, uliseme mbele yake naye ajibu. Uko tayari?"

Georgina hakuwa tayari. Alirudi mezani na shaka yake ileile, ila sasa ilikuwa imepata joto la kuaibishwa.

Shaka ni kama mgomba. Ukipanda mmoja, kesho utakuta machipukizi pembeni. Jioni ile Georgina alianza kuwashuku hata watu ambao bado hawajaigusa programu yake. Vipi kama mtu atadanganya kwamba senene wameangukia mahali fulani, kumbe hakuna kitu? Akaweka sharti la jina kamili. Akaongeza kijiji na kitongoji. Akaongeza namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, kisha mashahidi wawili wenye namba zao za simu. Alipomaliza aliegemea kiti, akajiona amejenga ngome.

Elieth alikuwa amesimama nyuma yake. Georgina akakifunika kioo kwa viganja, lakini mgeni alikuwa ameshaona.

"Mawe wangu akiulizwa yote hayo atazima simu," Elieth alisema kwa upole.

"Basi mama yako asitumie."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Philbert alikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Elieth alilitazama begi lake, kisha akatoka nje na simu yake kama kawaida. Safari ile Georgina hakumfuata kwa macho. Kuna kitu kilimchoma, lakini alikizima.

Siku ya pili ikawadia. Watu wa sokoni waliletwa, kila timu na wake. Meza ya Georgina ilipata mama mmoja mnene kutoka Kagondo, muuza senene, aliyejitambulisha kuwa ni Ma Joyness. Aliketi, akapangusa mikono kwenye kitenge, akaipokea simu yenye programu. Majaji walisimama nyuma yake. Kulingana na kanuni, wanatimu walikaa mbali kidogo, midomo imefungwa.

Ma Joyness alibonyeza mara moja. Akasoma. Akabonyeza tena. Uso wake ukaanza kukunjamana.

"Wanataka jina langu," alisema kwa sauti. "Sawa. Wanataka na kijiji. Eh! Wanataka na NIDA? Hawa ni watu wa kodi?" Alisoma kidogo tena, kisha akaiweka simu mezani kama mtu aliyeshika kaa la moto. "Na mashahidi! Waitu, mimi niseme senene wako wapi, nikupe jina langu, nikupe na nyumba yangu? Kesho alfajiri si nitakuta mji mzima umesimama kwenye shamba langu? Sitaki. Hii simu inanishuku, na mimi naishuku."

Ukumbi uliangua kicheko. Jaji mkuu, Bi Krupa, akaandika kitu, akatazama saa yake na kusema kwamba timu imekwama, sasa wana saa moja.

Ngome aliyoijenga Georgina ilikuwa haina mlango, hata wa mwenye nyumba. Aliiona Kemondo, aliliona duka la shangazi, alijiona akipima sukari hadi anazeeka. Avit alisema waondoe NIDA. Philbert alisema waondoe mashahidi. Wakaondoa kichwani hiki na kile, na bado swali la Ma Joyness lilibaki palepale: ni nani atakayekubali kusema senene wako wapi?

"Hakuna," Elieth alisema.

Wote wakageuka.

"Hakuna Mhaya atakayekuambia senene wameangukia wapi, hata umpe nini. Nimewauliza wale akina mama wa jikoni, mmoja mmoja. Wamenicheka. Lakini aliyekwisha kuwaokota, muulize anauzia wapi na ana ndoo ngapi. Hapo atakuambia, hata nauli ya kufika atakutajia. Wazo lenu ni zuri, bojo. Swali ndilo limekosewa."

Georgina alikaza macho. Shaka yake ilijaribu kuinuka mara ya mwisho.

"Na Karugendo ulikuwa unamwambia nini?"

"Nilikuwa namwuliza," Elieth alijibu. "Nilisikia mwaka jana timu yake ilileta senene. Nikataka kujua walishindwa kwa nini. Kasema mtu wa sokoni alikataa kusema senene walipo, akaondoka. Kasema mwaka huu kaogopa, ameleta mambo ya samaki."

"Walishindwa?" Georgina aliuliza polepole. "Mwaka jana?"

"Walikuwa wa mwisho. Hukujua?"

Hakujua. Alikuwa ameondoka akilia kabla ya matokeo.

"Waliiba wazo langu," alisema, lakini sasa sauti yake haikuwa na nguvu.

"Gina," Avit alisema, "Novemba nzima, hapa Bukoba, ni nani hawazi senene?"

Mwaka mzima Georgina alikuwa amebeba kinyongo juu ya kitu kilichomo katika kila kichwa cha mkoa huu, kuanzia kwa askofu hadi kwa mwendesha bodaboda. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda kutoka miguuni.

"Nilikwisha kurekodi salamu kwa sauti," Elieth aliendelea, akionyesha simu yake. "Kwa Kihaya na Kiswahili. Mnunuzi na muuzaji wote wakaribishwe kwa sauti, wasisome sana. Pia nimerekodi maswali yale mawili. Tukiyaingiza sasa hivi tutawahi. Nipe kompyuta."

Kompyuta ilikuwa imefungwa. Elieth aliketi, akaweka vidole juu ya herufi, akangoja.

"Neno la siri ni lipi?"

Avit alitazama dari. Philbert akapata kitu cha kutafuta chini ya meza. Georgina alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kuliandika mwenyewe na kuficha kwa mkono, kama alivyozoea. Mkono ulianza hata kunyanyuka. Akaurudisha.

"Mgenimwizi," alisema.

Elieth alimtazama. Hakukasirika, ila macho yake yalilowa kidogo, na hilo lilimwumiza Georgina kuliko kofi.

"Herufi ndogo zote?" Elieth akauliza.

"Ndogo zote. Bila nafasi."

Elieth akaliandika, herufi baada ya herufi, akafungua mlango aliofungiwa. Kisha akaanza kazi, na Georgina akaketi karibu naye, bega kwa bega, akibomoa ngome yake mwenyewe huku mgeni akimpa sauti moja baada ya nyingine. Hawakusema neno lisilo la kazi. Saa ilipotimia, Avit alikuwa bado anafuta jasho.

Ma Joyness aliletwa tena. Aliipokea simu kwa ncha za vidole. Safari hii, alipobonyeza, sauti ya msichana ilimwamkia kwa Kihaya, kwa adabu kama ya mtoto aliyepiga goti mlangoni. Yule mama alishtuka, kisha akacheka.

"Ee, mwanangu, nimeamka salama!" aliijibu simu.

Simu ikamwuliza anauzia wapi. Akabonyeza Kagondo. Ikamwuliza ana ndoo ngapi. Akabonyeza mbili. Papo hapo simu ya Bi Krupa, aliyejifanya mnunuzi, ililia na kumwambia senene wanapatikana Kagondo, ndoo mbili.

"Na mkiniuliza nimewaokota wapi, siwaambii!" Ma Joyness alitangaza, na ukumbi mzima ukacheka, safari hii kwa furaha. Majaji walipomwomba simu, aliing'ang'ania. "Kwani hii hamniachii?"

Matokeo yaliposomwa, Mwalimu Kyaruzi alinyanyua kidole chake kama anasoma kanuni, akatangaza kwamba timu ya Rwamishenye ndiyo ya kwanza. Avit na Philbert waliruka hadi viti vikaanguka. Georgina alilia tena katika ukumbi uleule, ila hakuondoka. Aliitwa kusema neno. Akasema programu yake ilikufa asubuhi, ikafufuliwa na Elieth wa Kimwani, na kwamba yeye hakustahili mgeni wa namna ile. Karugendo alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Nje, Elieth alikuwa anafunga begi lake kwa safari ya kurudi Muleba. Georgina alimwendea, mikono haijui ikae wapi.

"Elieth, nimekukosea. Nimekutukana na mama yako nikamtukana. Nisamehe."

"Nilikasirika jana," Elieth alikiri. "Nilitaka kurudi kwetu. Nikakumbuka kwamba kanuni imesema mimi ni mwanatimu kamili, hata kama wewe hujakubali."

"Ile kahawa ilibaki?"

"Si ulisema hutafuni?"

"Nilisema uongo, bojo."

Elieth alicheka, akatoa kile kifurushi cha jani la mgomba. Alichukua tunda moja, akalipasua ganda. Ndani mlikuwa na punje mbili zilizokumbatiana. Akashika moja, akataka kuitafuna kwanza kama desturi inavyoagiza, lakini Georgina akamshika mkono.

"Usionje," alisema. "Nipe tu."

Akaichukua, akaitia kinywani bila kuitazama. Ilikuwa chungu kidogo, kisha ikawa tamu. Mwanzoni mwa Julai, mtihani ukiwa umekwisha na ruhusa ya Elieth imetoka shuleni kwake, wasichana hao wawili walipanda meli ya Mwanza pamoja, Avit na Philbert wakiwafuata nyuma, na mzee Lwakatare mwenyewe ndiye aliyewabebea mabegi hadi bandarini. Shangazi wa Kemondo akatafuta mwingine wa kumpimia sukari. Kweli, waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakukosea.